Matairi Yamelala Hotelini

Oktoba ilipoanza, kundi la WhatsApp la ukoo mmoja wenye mguu Uyole na mguu Iringa lilipokea ujumbe wa sauti kutoka Zittau, mji mdogo wa jimbo la Saxony, kwenye kona ambako Ujerumani inapakana na Poland na Czechia. Mpwa wao alikuwa amenunua Golf ya mtumba, na fundi wa huko kamwambia kwamba kwa majira yanayokuja gari hilo halina matairi. Mjomba wa Uyole akauliza papo hapo: kama halina matairi, limefikaje gereji?

Matairi lilikuwa nayo, yote manne, tena yenye kashata nzito kuliko za daladala nyingi za Mwanjelwa. Ila yalikuwa ya majira ya joto.

Ikabidi mpwa aeleze sheria. Tangu mwishoni mwa 2010, Ujerumani inataka gari liwe na matairi ya baridi pale barabara inapokuwa na barafu, theluji iliyoshindiliwa au rojo la theluji. Anayekamatwa bila hayo analipa yuro 60 na kuandikiwa pointi moja kwenye daftari la madereva lililoko Flensburg. Akizuia wenzake njia, faini ni yuro 80. Pointi zikifika 8, leseni inakwenda. Sheria hiyo haitaji tarehe wala mwezi, inatazama hali ya barabara tu.

“Kamwene mwanangu,” shangazi wa Iringa akaingia. “Sasa theluji ikikukuta njiani, unashuka kubadilisha?”

Wajerumani nao hawataki kufika huko. Kwa mazoea wanafunga matairi ya baridi Oktoba na kuyafungua Pasaka. Na Pasaka yenyewe haitulii: mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, mwaka 2025 ikasogea hadi Aprili 20, kwa hiyo gurudumu la Golf linafuata kalenda ya kanisa. Upande wa Mbeya jambo hilo lilieleweka haraka kuliko mpwa alivyotegemea. Wamisionari wa Moraviani waliofungua kituo cha Rungwe mwaka 1891 walikuwa wa kanisa lenye makao yake Herrnhut, na Herrnhut iko jirani tu na Zittau. Wazee wakaridhika kwamba kijana yuko mikononi mwa watu wanaofahamika, hata kama gari lake halina matairi.

Tofauti kubwa iko kwenye mpira wenyewe. Tairi la majira ya joto limechanganywa ili livumilie lami ya moto. Baridi ikizidi linakakamaa kama ugali uliolala, halishiki. La baridi lina mchanganyiko laini unaobaki laini hata chini ya sifuri, na kila kashata yake imekatwa mikato myembamba mingi ambayo kingo zake zinang'ata theluji. Madereva wengi hutaja nyuzi 7 za Selsiasi kuwa ndipo mahali pa kubadilisha. Ni kanuni ya kukadiria tu, na mtu wa Kitulo akiifuata kwa ukali atapata tabu: mwezi Julai angefunga matairi ya baridi alfajiri, sakitu ikiwa imeyafanya majani meupe, kisha saa nne asubuhi apige jeki tena.

Atakayenunua asitafute maneno matamu ya muuzaji. Atazame ubavuni mwa tairi kama kuna mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mchoro huo unamaanisha tairi limepimwa kwenye theluji likafaulu. Zamani herufi M na S, za tope na theluji, zilitosha, ingawa mtengenezaji aliweza kuziandika bila kipimo chochote. Tangu Oktoba 2024 herufi peke yake hazikubaliki tena kama tairi la baridi. Mjomba akataka kujua kama mchoro huo unauzwa na trafiki, kama stika za Nenda kwa Usalama.

Halafu ikaja habari ya hoteli. Mwenye seti mbili za matairi anayeishi ghorofani hana pa kuweka zile zinazopumzika, kwa hiyo gereji nyingi humpokea mteja matairi yake, zikayaosha, zikayaandika namba na kuyapanga kwenye rafu hadi msimu ugeuke. Huduma hiyo wanaiita hoteli ya matairi, na inalipiwa kwa msimu. Kundi zima likanyamaza kidogo. Kisha shangazi akauliza kama na chai wanakunywa.

Ni gharama hizo zinazowafanya watu wa mijini wachague matairi ya misimu yote, na mpwa aliyatamani kweli. Yakiwa na mchoro wa mlima, sheria inayatambua: mwaka mzima seti moja, hoteli basi. Lakini tairi hilo limegawanya moyo. Kwenye theluji nyingi halifikii la baridi, na kwenye lami ya Julai breki yake ni ndefu kuliko ya tairi la majira ya joto. Kwa mtu wa bondeni anayeendesha kwenda sokoni na kurudi, linatosha kabisa. Kwa mtu anayepanda milima ya Zittau alfajiri kwenda zamu, kama yeye, akiba hiyo haina maana. Akanunua seti ya pili.

Binamu anayebeba mbao Mufindi hakuridhika. Alitaka kijana afunge kashata za kila njia, zile za Land Cruiser, ili awaonyeshe Wazungu. Kwake yeye ni haki. Mvua za Machi zikiloweka udongo mwekundu wa Mufindi, kashata pana zenye nafasi kubwa kati yake hutupa tope nje badala ya kulikumbatia, na ubavu mgumu unavumilia mawe. Anayepanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa ile njia ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina kwa kona zake, asiende na tairi la mjini. Ila juu ya barafu mabonge yale makubwa hayana kingo za kutosha, na mengi mpira wake ni mgumu. Yapo yenye mchoro wa mlima, lakini kwenye Golf yangevuma njia nzima na kunywa mafuta bila faida yoyote.

Katikati ya ubishi huo mjomba akaenda kuchungulia Noah yake, inayopiga ruti ya Uyole na Kyela. Akatuma picha. Ubavuni, chini ya vumbi, paliandikwa STUDLESS.

Ni matairi ya theluji, yamekuja na gari kutoka Japani. Huko matairi yenye misumari yalipigwa marufuku kwa sheria ya 1990, kwa sababu misumari ilikuwa inasaga lami na kujaza vumbi hewani, na watengenezaji wakashindana kuunda mpira laini unaoshika barafu bila misumari. Blizzak ya Bridgestone ilikuwa imeshaingia sokoni 1988. Magari ya mtumba yanapopanda meli, mengine yanakuja na matairi hayo miguuni. Mjomba amekuwa akishuka nayo kutoka baridi ya Isongole hadi joto la Kyela, akilaumu barabara kwamba inakula matairi na kwamba breki inachelewa. Namba nne za ubavuni zilisomeka 4112, yaani wiki ya 41 ya mwaka 2012. Mpwa, ambaye ametoka kulipia matairi ya theluji kwa yuro zake, hakusema neno kwa muda.

Noah sasa imefungwa matairi mapya ya kawaida. Mawili ya Japani amepewa kijana wa mkokoteni anayesukuma viazi sokoni Uyole, na kwa mwendo ule hayana ubaya. Mjomba amempa mpwa taarifa kamili, akaongeza bei: kuyalaza hapo kwenye mkokoteni, mwaka mzima, ni bure.