Madigadi za Mbele, Madigadi za Nyuma

Kamati ya harusi ya binti yetu iliitishwa kujadili pilau. Hadi watu wanaaga, pilau ilikuwa bado haijatajwa. Kilichojadiliwa ni madigadi. Mwenyekiti, ambaye ni shemeji yangu, alijaribu kuturudisha kwenye ajenda, akashindwa, mwisho akaweka kalamu mezani na yeye akachagua upande.

Chanzo ni mama mkwe. Alikuja kutoka Peramiho na kikapu cha maharage na agizo moja: mjukuu wake atapelekwa kanisani kwa gari la marehemu babu yake. Gari lenyewe ni Volkswagen, lile la mgongo wa mviringo. Baba mkwe, aliyekuwa mwalimu, alilinunua kwa padri enzi ambazo lami ya kutoka Makambako ilikuwa bado haijafika Songea. Alipofariki likaletwa kwetu Bombambili, likawekwa chini ya mwembe, na kuku wakalirithi kabla yetu.

Injini haikutusumbua. Gari hili injini iko nyuma na inapozwa kwa upepo, rejeta hakuna. Fundi alisafisha kabureta, akaweka plagi na betri mpya, likakohoa, likawaka. Baba Watoto alishangilia hadi majirani wakatoka, akaanza kuwasimulia kuwa Safari Rally ya mwaka 1962 mshindi alikuwa Volkswagen ya namna hii hii. Lakini ukizunguka ubavuni unaona kazi ilipo. Madigadi mbili za nyuma na ile ya mbele kushoto zilikuwa zimeliwa na kutu kiasi kwamba ukipitisha kidole kinatokea upande wa pili. Nzima ilibaki moja tu, ya mbele kulia.

Bahati ya Volkswagen ni kwamba madigadi zake zote nne zimefungwa kwa bolti. Unafungua, unatoa, unaweka nyingine, na hakuna wa kukuuliza umeweka ya nini. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika: ya bati au ya faiba?

Baba Watoto alikuwa wa faiba. Aliwaambia wajumbe, ambao walikuja na ahadi za michango na kiu ya soda, kwamba mwaka 1953 Wamarekani walitoa Chevrolet Corvette 300, bodi nzima faiba. Akasema Land Rover ilipotoka mwaka 1948 chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo, wakatumia aluminiamu, ndiyo maana Land Rover kuukuu unaikuta chesisi imeoza na bodi bado ipo. Kwa hiyo gari si lazima liwe chuma. Akamalizia kwa Wajerumani Mashariki, waliotengeneza Trabant kwa taka za pamba zilizoshikanishwa kwa resini.

“Gari la pamba?” mama mkwe akauliza.

“Pamba na resini, mama. Linakuwa gumu.”

“Wajerumani hawa hawa waliowanyonga wazee wetu hapa mjini, ambao kila Februari 27 tunakwenda kuwakumbuka pale makumbusho ya Majimaji? Ndio unataka nijifunze kwao?”

“Mama, hata Volkswagen yenyewe ni ya Wajerumani.”

“Hii ni ya mume wangu.”

Kamati nzima ikainama kutafuta kitu chini ya viti.

Mimi nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Mtaalamu wa faiba aliyetajwa alikuwa mtoto wa dada yangu, kijana aliyejifunza kuziba boti Kigamboni, na mama mkwe alishaanza kumwita “mtoto wa kwenu”. Lakini moyoni nilikuwa wa bati. Faiba haishiki kutu, kweli, na ni nyepesi. Ila barabara za mitaa yetu zina kokoto, na kokoto likiigonga faiba halibonyezi. Linaacha ufa wenye miguu, na tundu za bolti nazo zinalegea kwa mtikisiko hadi zinachanika. Bati likibonyea linanyooshwa. Isitoshe, fundi wa bati Songea unamfuata kwa miguu. Resini ya kijana ilikuwa inatoka Dar es Salaam kwa basi, karibu kilomita 1,000.

Mwenyekiti akaamua kama wenyeviti wanavyoamua: mbele faiba, nyuma bati. Kila upande ukatoka umenuna sawasawa.

Fundi wa bati alikuwa mzee wa Majengo anayetengeneza majiko na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Bati la kuezekea alilikataa papo hapo. Alisema ni jembamba, na lina zinki. Ukilichomelea, moshi wake mweupe unakulaza na homa usiku. Alitaka pipa la mafuta la lita 200. Tulipompelekea alilijaza maji kwanza, akalimwaga, akalijaza tena. Pipa ambalo limewahi kubeba mafuta ukiliwashia moto bila kuliosha linaweza kukulipukia, na yeye hata baada ya kuliosha alilikata kwa tindo na nyundo. Kisha akaketi na kipande cha gogo lililochongwa shimo, akawa anagonga bati polepole kuelekea ndani ya lile shimo, analigeuza, analilinganisha na madigadi ya zamani, anagonga tena. Nilikaa pale nikitazama mkunjo unavyotokea, hadi nikasahau vitunguu nilivyotumwa. Upande wa ndani alipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, maana alisema kutu ya madigadi huanzia kule ambako mwenye gari haoni, kwenye tope linaloganda.

Kwetu nyumbani, kijana aliifungua ile madigadi nzima ya kulia, akaipaka polishi yangu ya sakafu isigandane na kazi, akatengeneza kalibu juu yake. Kalibu ikatoka vizuri. Ndani ya kalibu akalaza kitambaa cha nyuzi, resini, kitambaa, resini. Madigadi ikatoka laini, ya kupendeza kabisa. Baba Watoto akaibeba hadi kwenye gari akiwa ameinua juu, tukamfuata wote.

Ilikuwa ya kulia.

Ukichukua kalibu ya kulia unapata kulia, hata ukiigeuza namna gani. Walijaribu kuigeuza. Mama mkwe aliwatazama bila kusema neno, na nadhani neno lingekuwa afadhali. Ikabidi twende Lizaboni kwa mstaafu mmoja mwenye Volkswagen bovu, tukaazima ya kushoto kwa masharti mengi kuliko mkopo wa benki.

Wakati huo Julai ilikuwa imeingia. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai yetu hata maji ya kunawa yanauma. Kijana alikuwa amejifunza vipimo vyake kwenye joto la pwani, ambako resini inawahi kuganda kabla hujamaliza kupaka. Kwa kawaida kilo moja ya resini inataka gramu 10 hadi 20 za dawa ya kugandisha. Aliweka, akasubiri. Ikabaki uji. Akaongeza dawa, ikabaki uji. Baba Watoto akashauri iingizwe jikoni kwangu ipate joto, na kwa kuwa ndoo yao ilikuwa imechafuka wakachukua yangu, na kwa kuwa hawakuwa na kijiti wakachukua mwiko wangu mkubwa wa shughuli. Mimi nilikuwa sokoni.

Resini iliyopakwa nyembamba joto lake linapotea hewani. Iliyojaa ndoo joto linabaki humo humo, linazidi kuisukuma igande, na ikiganda inazidi kuchemka. Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele kwenye kizingiti, ndiye aliyesikia harufu. Alilitoa jiko la mkaa nje kwanza, kitu ambacho kijana alikiri baadaye kuwa kiliokoa nyumba, maana ule mvuke unashika moto. Niliporudi nilikuta moshi dirishani, ndoo imelegea ubavu katikati ya uwanja, kuku wamepanda juu ya paa, na Baba Watoto anaimwagia mchanga. Ilipopoa tukalichana lile plastiki. Likabaki jiwe la rangi ya chai, limepasuka katikati, na mwiko wangu umesimama humo hadi leo. Tulijaribu kulivunja utoke. Mwiko ulikubali kuvunjika, jiwe halikukubali.

Mara ya pili walifanya kazi saa saba mchana, juani, kidogo kidogo kwenye kikopo. Ikaganda kama inavyotakiwa.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna vitenge. Sare ya sendofu ilikuwa kitenge cha zambarau, na mashangazi wote walileta nguo zao kwetu zifuliwe na kupigwa pasi pamoja. Zilikuwa kwenye kamba. Upande wa pili wa uwanja kijana alikuwa anakata kingo za madigadi kwa grenda, amejifunga kitambaa puani, na upepo wa Matogoro ulikuwa unavuma kuelekea kwangu. Vumbi la faiba ni vijisindano vya kioo. Huvioni.

Jioni ukumbini, shangazi mkubwa ndiye aliyeanza, kwa adabu, bega moja. Kisha mstari mzima wa zambarau ukawa unajikuna. Mshereheshaji alidhani ni mtindo mpya, akaagiza muziki uongezwe. Shangazi wa Mbinga alisimama akatangaza kwamba tumepuliziwa upupu, na kwamba anamjua aliyefanya, ni upande wa bwana harusi. Bwana harusi mwenyewe akageuka rangi. Wazee wa pande mbili wakatolewa nje kuzungumza. Mazungumzo yalikuwa yamefika kwenye mambo ya zamani ya ng'ombe wawili wa mahari ya mtu mwingine kabisa, mtoto wa dada yangu alipoona hali si hali, akajipenyeza akapiga goti: “Shikamooni wazee. Si upupu. Ni mimi.”

Walimtazama kwa muda. Halafu baba wa bwana harusi akauliza kama hiyo faiba inaweza kuziba tangi lake la maji.

Siku ya harusi gari lilitoka limeng'aa, rangi ya krimu. Madigadi mbili za pipa zilikuwa na uzito wa kueleweka, na ile ya nyuma kulia, ukiikazia macho, ilikuwa imevimba kidogo kuliko mwenzake. Hakuna aliyeikazia macho. Taabu ilitokea kwenye njia panda: indiketa ya mbele kushoto haikuwaka, trafiki akanyoosha mkono. Baba Watoto akashuka na suti yake. Balbu nzima, fyuzi nzima. Fundi umeme wa mtaani kwetu, aliyekuwa kwenye msafara, akaja akicheka. Taa ile kwenye Volkswagen inakaa juu ya madigadi na kupata ethi kupitia chuma chake. Faiba haipitishi umeme. Alivuta kipande cha waya kutoka kwenye kishikio cha taa hadi kwenye bodi, akakaza bolti, taa ikaanza kupepesa, trafiki akamtakia bibi harusi heri.

Mwezi uliopita alikuja mnunuzi kutoka Mbeya, amesikia habari za gari. Alizunguka, akainama, akatoa sumaku mfukoni, ile ambayo wanunuzi wa magari ya zamani hutembea nayo kupima kama chini ya rangi kuna chuma. Nyuma kulia ikanata. Nyuma kushoto ikanata. Mbele kulia ikanata. Mbele kushoto ikaanguka mchangani. Akaiokota, akajaribu tena, ikaanguka. Kisha akaiona ile madigadi ya kulia ya ziada imelala chini ya mwembe na kuku anaatamia ndani yake, akaigusisha sumaku huku kuku akimdonoa.

“Samahani, mama,” akamwuliza mama mkwe, “hili gari mlinunua nusu nusu?”

“Kunywa chai mwanangu,” mama mkwe akamjibu. “Haliuzwi.”