Msitu Usioguswa

Siku hizi delta ya Rufiji ni ya matembezi. Mgeni anapelekwa Nyamisati, anapanda mtumbwi, anashuka topeni hadi magotini, kisha anaambiwa kwa unyenyekevu: hapa ni asili tupu, mkono wa mtu haujapita. Haujapita! Boriti zilizobeba dari za Unguja na Omani karne hadi karne zilikatwa wapi, mawinguni? Na magome ya mikoko yaliyopelekwa ng'ambo kusindika ngozi, yalijibandua yenyewe? Hata Königsberg, manowari ya Wajerumani, ilijificha humu mpaka ikazama Julai 1915. Chuma nacho asili, basi. Mkata boriti mstaafu wa Kibiti anawatazama wageni tu: yeye alilipwa, japo kiduchu, kukanyaga tope hilo, hawa wanalipa wao.