Mgeni Hana Nafasi

Mwezi mmoja kabla ya maonyesho, nyumbani kwetu hakuna sebule. Makochi yanasimamishwa wima koridoni, meza inahamia barazani, na sakafu yote inalaliwa na mfarishi. Hakuna namna. Kitambaa cha juu, blanketi kuukuu la katikati na bitana ya chini lazima vinyooshwe pamoja na kupigwa bandi. Ukiharakisha, kikunjo cha chini utakigundua baada ya miezi mitatu, mbele ya watu. Kwa hiyo waliomo humu wamezoea kupita wakiambaa ukuta kama mijusi. Mume wangu naye, kabla ya kukaa popote, anapitisha sumaku tuliyoibandua kwenye spika ya redio iliyokufa. Kazi yake ni kuokota sindano. Mwanzoni aliidharau. Akakaa mara moja tu bila kuipitisha.

Nashona kwa kanga. Doti nanunua Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, naziloweka kutoa dondo, nazipiga pasi, halafu mkasi. Ninachotaka mimi ni pindo na mji, maana huko ndiko kwenye maua, korosho na rangi. Jina, yaani ule msemo, nalikata na kulitupia guniani. Kila doti inaniachia majina mawili, na baada ya miaka 11 gunia lilikuwa linasimama lenyewe nyuma ya mlango.

Mwaka jana nikaishiwa bitana. Hela yake ilikuwa imekwenda kwenye ada ya shule. Nikalikumbuka gunia, nikamwaga majina sakafuni, nikayaunga utepe kwa utepe bila kusoma. Nasema kweli, bila kusoma. Mtu akishona saa saba usiku herufi haziwi maneno tena. Zinakuwa weusi na weupe, na mimi nilikuwa nataka weusi ukae kando ya weupe. Utepe uliozidi niliukata, uliopungua niliunga. Ni nyuma, nani ataangalia?

Kwa mbele nilifuata kina mama wa Kisidi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walivushwa bahari kutoka Afrika. Wao huanzia pembezoni, mshono wa mkono, wanazunguka wakiingia ndani mpaka wakutane na katikati. Mfarishi wao unaitwa kawandi, na mwisho kila pembe hupachikwa kipande kidogo kilichokunjwa, phula, maana yake ua. Bila maua hayo, wanasema, mfarishi uko uchi. Nilikuwa nimechelewa. Nikauacha wangu uchi.

Siku nne kabla ya ufunguzi akafika wifi kutoka Pangani, pamoja na kitindamimba wake wa darasa la pili. Alikuja kung'oa jino. Siku tatu tu, alisema. Masika yalikuwa yamepamba moto, chumba cha wageni hakina blanketi la maana, na mume wangu, kwa huruma ya kaka, akauteremsha mfarishi kutoka juu ya kabati akampa dada yake ajifunike. Mimi nilikuwa jikoni. Nilipopata habari, chumbani walikuwa wanakoroma.

Asubuhi chai iko barazani, wifi hagusi kitumbua. Nikamwamkia, akaitikia kwa ncha ya ulimi. Mkoba wake ulikuwa mlangoni, zipu imefungwa.

"Wifi, mbona mapema? Na jino?"

"Jino bado, wifi yangu. Ujumbe nimeupata."

Aliyenifumbulia ni mtoto. Yuko kwenye umri wa kusoma kila kitu: makopo ya maziwa, vibao vya daladala, mgongo wa fulana ya mjomba wake. Aliukokota mfarishi mpaka barazani, akaugeuza nyuma, akaweka kidole mahali panapokuja moja kwa moja chini ya kidevu cha aliyejifunika, akasoma kwa sauti ya darasani:

"M-ge-ni. Ha-na. Na-fa-si."

Nikapiga magoti. Mshono wangu mwenyewe. Kipande cha kwanza kilitoka kwenye MGENI NJOO MWENYEJI APONE, kimekatwa baada ya neno la kwanza. Cha pili kilikuwa mkia wa WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI. Misemo miwili ya heri, mkasi mmoja, na kijembe kimezaliwa. Kwa Mswahili hapa huna pa kutokea. Kanga ndiyo barua ya asiyetaka kufungua mdomo. Mtu akikulaza na jina chini ya kidevu usiku kucha, amekusudia. Nimwambie nilikuwa natafuta weusi na weupe? Hata zingekuwa herufi za Kiarabu kama kwenye kanga za zamani nisingeokoka, maana mtoto huyo jioni yuko madrasa.

"Dada, mwenzangu huyu hasomi anachoshona," mume wangu akasema.

"Asiyesoma, mbona herufi zimenyooka?"

Nikiwa bado chini, simu ikaita. Ni binti wa ukumbini. Mfarishi wangu hautakwenda ukutani, wameamua kuuning'iniza katikati ya chumba ili watu wauzunguke. Nishone kwa juu mfereji wa kitambaa, sentimita 10, wa kupitishia fimbo. Nyuma ionekane vizuri. "Hasa nyuma, mama."

Kufumua haikuwezekana. Uzi umepita tabaka zote tatu. Ukitoa utepe mmoja wa nyuma, mbele nako kunaachia. Mume wangu akashauri tufunike maneno yote kwa kiraka cheusi. Nikamwambia kiraka cha namna hiyo ndicho kitakachowafanya watu waulize palikuwa na nini. Nikakaa na kastabani kidoleni, nikatazama. Neno la katikati lina herufi nne, na ubaya wote uko kwenye ya kwanza.

Nikakata kipande cha pindo jekundu, upana wa ukucha wa dole gumba, nikakikunja pembetatu, nikakipachika juu ya H kwa mishono 14. Ua la Kisidi, ila limekosa pembe.

Siku ya ufunguzi mzee mmoja aliniuliza bei, akaomba punguzo kabla sijajibu. Hapo huwa namkumbuka Harriet Powers wa Georgia, Marekani, aliyezaliwa utumwani. Mwaka 1891, shida zilipombana, aliuza mfarishi wake wa visa vya Biblia kwa dola 5, na alikuwa ametaka 10. Leo uko Smithsonian, Washington. Nikakataa kupunguza. Mzee akaondoka, nami nikajuta kidogo, maana LUKU haimjui Harriet Powers.

Wifi alikuja, shavu limevimba, jino limetoka. Mtoto akatangulia mbele ya watu wote:

"M-ge-ni. A-na. Na-fa-si."

Wifi akavaa miwani. Akalikwangua lile ua kwa ukucha, ingawa kibao kinakataza kugusa. Halikubanduka.

"Basi wifi yangu," akasema, "kama nafasi ipo, Pangani narudi baada ya Idi Kubwa. Huyu tutamwombea uhamisho wa shule. Na haya maonyesho yakiisha, mfarishi urudi kitandani kwangu, usiku kuna baridi."

Idi Kubwa ilikuwa wiki saba mbele. Nikamtafuta mume wangu. Alikuwa upande wa pili wa mfarishi; chini ya pindo niliona viatu vyake tu, vikiondoka taratibu.