Yah: Ombi la Kuliona Ziwa Letu

Kwa Mamlaka Husika,
Anwani mnaijua wenyewe.

Ndugu Mamlaka Husika,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kwanza niwie radhi kwa kutokutaja jina lako. Nimelitafuta miaka miwili. Kijijini waliniambia suala la ziwa liko kata. Kata wakasema liko wilayani. Wilayani nikamkuta binti mmoja mwenye adabu zake, anamenya karanga juu ya majalada, akanipa shikamoo, akanipa na karanga, kisha akaniambia, "Hilo mwalimu waandikie mamlaka husika." Nikamuuliza ndiyo nani huyo. Akatazama dirishani kama mtu anayesubiri mvua. Basi nami naandika hivyo hivyo, nikiamini tarishi anakufahamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tengeru. Kutoka uani kwangu hadi Ziwa Duluti ni dakika kumi, na hizo ni dakika za mzee mwenye goti moja zima. Ziwa lenyewe ni dogo, kama kilomita za mraba 0.6 hivi, ukiliweka kando ya Victoria ni kikombe cha kahawa kilichosahauliwa mezani. Ni la kreta: volkeno ilichimba shimo, maji ya chini ya ardhi yakalijaza. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Nilipopeleka barua yangu ya tatu bila kujibiwa nilitambua kwamba hata masjala zenu zimechimbwa na volkeno ileile.

Sasa nije kwenye hoja. Mjukuu wangu ana miaka tisa. Mwezi uliopita shuleni waliambiwa wachore kitu kilicho jirani na kwao. Akachora ziwa la buluu, pembeni twiga anakunywa maji. Nikamwambia Duluti hakuna twiga, na maji yake mara nyingi ni ya kijani. Akaniuliza, "Kwani wewe babu umeliona?"

Tukaenda Jumamosi, siku ya soko, nikiwa na shati la kanisani. Mlinzi wa geti la msitu unaolizunguka ziwa nilimfundisha darasa la nne. Alinipokea kwa mikono miwili, akaniulizia bibi, akaniulizia ng'ombe, kisha akaniomba namba ya malipo ya kiingilio. Nikatoa kitochi changu. Tukaanza kuitafuta hiyo namba, mtandao ukawa unasumbua. Tulikaa juu ya gogo saa nzima. Mtoto akainuka, akachungulia katikati ya majani, akaona kipande kinachong'aa, ukubwa wa leso. "Babu," akasema, "kweli ni kijani." Tukarudi nyumbani kula makande.

Simlaumu mlinzi. Wala kiingilio sikikatai moja kwa moja. Msitu hauna mshahara, lakini wanaoulinda wana watoto. Nashukuru hata kwamba kuna bei ya wenyeji. Si kila mtu duniani anapewa heshima ya kukatiwa tiketi ya punguzo kwenda nyuma ya nyumba yake.

Najua utauliza kama wananchi wameshirikishwa. Tumejishirikisha. Tulikaa chini ya mringaringa, na nisiwe mnafiki, hatukukubaliana. Mama muuza ndizi mshare alitaka geti ling'olewe siku hiyo hiyo, apate pa kuweka meza. Dereva mmoja wa bodaboda alisema lising'olewe, kwa sababu anajijua: "Likifunguliwa leo, kesho naosha pikipiki humo, na mimi ndiye mstaarabu kuliko wote kijiweni." Tulicheka, lakini hakuna aliyembishia. Bibi mmoja akauliza swali lililotunyamazisha: watoto wetu wamezaliwa kando ya maji, ni wangapi wanajua kuogelea? Na mzee mwenzangu, ambaye kwa kawaida hatupatani hata juu ya saa, alisema furukombe bado wanalia pale na kenge bado wanaota jua pale kwa sababu sisi hatupo. Hilo liliniuma, maana nimeona vijito vyetu vingine vilivyokuwa wazi kwa kila mtu. Siku hizi vinabeba nepi.

Kwa hiyo hatuombi geti ling'olewe. Tunaomba tuulizwe.

Maana kuulizwa kwenyewe kuna madaraja. Kuna mwananchi na kuna mdau. Mdau huitwa kwenye warsha, hupewa begi, kalamu, sambusa mbili na nauli, kisha hutoa maoni kuhusu ziwa akiwa ukumbini mjini, mbali na harufu ya ziwa. Mwananchi husikia matokeo kwa kipaza sauti juu ya gari. Naomba kuuliza, bila kejeli yoyote, taratibu za kupandishwa cheo kutoka mwananchi hadi mdau zikoje? Ninacho cheti cha ualimu na begi ninalo tayari.

Halafu kuna zile mita 60. Hii sheria tunaijua kwa moyo kuliko Baba Yetu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, hakuna shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ni sheria nzuri, na mwenye akili timamu hawezi kuipinga. Ila nimezunguka nchi hii, na nimeona mita zake zina tabia ya mpira. Zikipima migomba ya mjane huvutika hadi jikoni kwake. Zikifika kwenye baa yenye viti vya kamba na taa za rangi husinyaa, mpaka mteja anatumbukiza miguu majini akiwa ameketi.

Usidhani sisi watu wa Meru ni wageni wa kuandika barua. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate ardhi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza shida ya watu wake. Walimsikiliza, ingawa ardhi haikurudi mwaka ule. Ninachotaka ukione ni hiki: mtu wa Meru, enzi za mkoloni, alimpata wa kumsikiliza ng'ambo ya bahari. Mimi nimeshindwa kukipata chumba chako, na nina daladala.

Ombi lenyewe ni dogo. Kila Jumamosi asubuhi, wakazi na watoto wa shule waingie bure, kwa daftari, kwa majina. Njia ya miguu inayotosha watu wawili na kikapu. Benchi moja la kukalia wenye magoti kama yangu. Mtu wa kuwafundisha watoto kuogelea, bibi yule apate usingizi. Na pipa la taka ambalo kuna mtu anajua ni zamu ya nani kulimwaga. Atakayekutwa na sabuni ya pikipiki, mtozeni faini ya mdau.

Majibu ya barua hii yaachwe kwa mlinzi wa getini. Mimi nitakuwa pale kwenye gogo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu Mstaafu, Tengeru

Nakala: Kenge wa Duluti, kwa taarifa, kwa kuwa yeye yuko ndani tayari.