Elfu Tisini ya Kwanza, Elfu Tisini ya Pili

Baba mkwe alionja, akafumba jicho moja, akaiweka glasi chini taratibu, kisha akamuuliza binti yake kama kuna kachumbari ndani. Hakuwa na njaa. Kabla jua halijazama Lalago nzima, hapa kwetu Simiyu, ilikuwa na habari, na leo asubuhi dukani kijana anayeniamkia kila siku amesema, "Mwangaluka, Mzee Siki," tena kwa adabu zote, ameinama.

Kilichokuwa kwenye glasi ni divai nyekundu ya Dodoma, zabibu aina ya Syrah, mavuno ya 2014, niliyoinunua shilingi 90,000 kwenye mnada wa mavuno kanisani.

Asiyeujua mnada wa kanisani bado hajaujua uchumi. Watu huleta walicho nacho: jogoo, boga, michembe, debe la choroko. Ibada ikiisha katekista anainua kitu juu, anataja bei ya kuanzia, na hapo akili za watu zinakwenda likizo. Yai moja linaweza kufika elfu ishirini, maana hakuna anayenunua yai. Mtu ananunua kusikika. Jogoo akinunuliwa na kwaya, kwaya inamrudisha auzwe tena kwa utukufu wa Mungu. Wanaume wanamnunua, nao wanamrudisha. Mwisho kina mama wanamchukua jumla, kwa kuwa wao ndio wenye sufuria. Jogoo mmoja amelipia mabati ya kutosha upande mzima wa paa, na bado anawika. Aliyebuni utaratibu huu alimfahamu binadamu kuliko waliosomea biashara.

Chupa ilipoinuliwa kanisa lilinyamaza. Ilikuwa zawadi ya mgeni mmoja kutoka Dodoma, ikasahauliwa stoo miaka yote hiyo. "Imezeeka!" akanadi katekista, na sifa ambayo kwa ng'ombe ingeshusha bei, kwa chupa ikaipandisha. Mwalimu mkuu mstaafu akasema elfu kumi. Baba mkwe, aliyekuwa benchi la mbele, akageuka kuangalia nani ana hela. Nikasema ishirini. Ikaja hamsini, ikaja sabini. "Elfu tisini ya kwanza! Elfu tisini ya pili!" Nikamtazama mwalimu mkuu kwa macho ya kumsihi. Akatabasamu, akakaa. Vigelegele vikapigwa, nami nikajipigia makofi.

Tangu kachumbari ile nimesoma sana. Syrah asili yake ni bonde la mto Rhône, Ufaransa. Wengine walidai ilitoka Shiraz, Uajemi, mpaka vipimo vya vinasaba vilipowataja wazazi wake: Dureza na Mondeuse Blanche, mizabibu ya hukohuko Ufaransa. Dodoma haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu usingizi, hivyo mkulima anaupogoa, unachipua upya, na anavuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu nyingi za kule ni Makutupora. Syrah ni mgeni aliyekaribishwa baadaye.

Sasa, divai ya kutunzwa hulazwa, haisimamishwi, ili kizibo kilowe muda wote. Inataka giza na ubaridi wa nyuzi 12 au 13. Kizibo kikikauka kinasinyaa, hewa inapenya, na bakteria wanaanza kugeuza kileo kuwa siki. Tena divai nyingi hazikutengenezwa kusubiri. Baada ya miaka michache zinachoka. Yangu ilisimama wima chini ya bati la Simiyu, jirani na mabaki ya dawa ya pamba. Bakteria waliofanya kazi humo walistahili pensheni. Kizibo nilipokigusa kikamomonyoka, ikabidi niichuje kwa chujio la chai mbele ya wageni, nikieleza kwamba hata Ufaransa hufanya hivyo.

Boga nililonunua mnada huohuo lilikuwa limeoza. Mwavuli nilionunua hapohapo hauna mpini.

Usiku, usingizi ulipogoma, nikaanza kupiga hesabu. Kwa jogoo na kwa siki, hapa Lalago bei hupanda mpaka mtu akatoka jasho. Kwa pamba yangu sijawahi kusikia mtu akiuliza, "Nani zaidi?" Bei inatangazwa, tunaikuta AMCOS, yaani kwenye chama cha ushirika, tunakatwa pembejeo, tunatia sahihi. Mwaka 2019 ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo. Soko la dunia likaanguka, wanunuzi wakasita, na watu wakakaa miezi wakidai fedha ya pamba iliyokwisha kuchukuliwa. Dengu na choroko angalau zina mnada wa stakabadhi ghalani: wanunuzi wanapeleka bei zao, sisi tunasomewa, tunakubali au tunakataa. Kukataa ni kusubiri, na ada ya shule haisubiri. Jasho la mwaka mzima linapimwa kimyakimya, na chupa iliyoharibika inapigiwa vigelegele.

Jana nilimpendekezea kiongozi wa chama chetu cha ushirika kwamba msimu ujao pamba iuzwe baada ya ibada, katekista akinadi, wanunuzi wameketi na wakwe zao. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Nikamsubiri amalize, nikamwambia sitanii.