Jini Kapenda, Mwanaume Kalia

Mfyuu! Jua lote hili la stendi ya Same, vijana wa bodaboda wamejiegemeza kwenye pikipiki zao, wanabishana kama mwanaume wa hadithi za majini anaruhusiwa kulia. Abiria wa Mamba Miamba kasimama na mizigo yake, hakuna hata anayemwuliza anakwenda wapi.

Chanzo ni Edward, yule mnyonya damu wa Twilight, kitabu cha Stephenie Meyer cha mwaka 2005. Ana kiu ya damu ya msichana anayempenda, anajizuia, anakwenda kunywa ya wanyama wa porini, halafu anajilaumu kutwa.

"Lege huyo," kasema mmoja. "Aje hifadhi ya Mkomazi anyonye swala, aone askari watakavyombeba. Si ujangili huo?"

Jamani, kwani moyo mwepesi tumeletewa kutoka Marekani? Shaaban Robert, wa hapo jirani Tanga, alimwandika mhusika wake Adili tangu 1952. Mtawala mzima wa Janibu, lakini usiku yuko na mjeledi anachapa manyani wawili. Akimaliza anawabembeleza, anawalisha, machozi yanamtoka. Manyani wenyewe ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Walimtosa baharini kwa kumwonea wivu juu ya Mwelekevu, binti ambaye Adili alimkuta hai peke yake katika mji wa watu waliogeuka mawe. Jini Huria ndiye aliyemwokoa, akawageuza nduguze manyani na kuamuru wapigwe kila usiku. Siri ikaja kufichuka kwa sababu ya mtoza kodi wa mfalme wake, Rai. (Watoza kodi na watu wa milima hii, tuyaache. Mwaka 1945 Wapare walishuka kwa maelfu hadi hapahapa Same kuikataa kodi ya mbiru.)

Wasomaji wanampenda Adili kwa yale machozi. Mimi hapo ndipo ninaposonya. Mgongo wa nyani haujui kama mchapaji analia au anacheka. Edward ana hamu na anajizuia. Adili hana hamu na anachapa. Nipeni Edward, hata kama hali makande.

"Unamwonea, dada," kadakia mzee wa kahawa, birika mkononi. "Huria ndiye aliyemtoa baharini. Mtu aliyekuokoa roho utamwambiaje hapana?"

Nikanyamaza kidogo. Kweli, mwema akidaiwa fadhila hufanya mambo ambayo mbaya asingeyafanya bure.

Mama ntilie naye hakuacha lipite. "Adili angekuwa Mpare, asingelia wala asingechapa. Angeuza ng'ombe, akamfungulia Huria kesi!"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mzee akamimina kahawa, akatulia.

"Haya, na samansi angeipeleka nani?"