Usiku wa Ijumaa, Saa Mbili

Makunduchi, kusini ya Unguja, na Unst, kisiwa cha kaskazini kabisa miongoni mwa visiwa vya Uingereza vyenye wakazi, ni mahali pawili ambapo, kwa kadiri ya akili yangu, hapakukusudiwa kujuliana hali kila wiki. Na lau si mpwa wangu, aliyezaliwa ughaibuni, kwenda huko kuajiriwa katika vizimba vya kufugia samaki, sote tungalilala kwa amani.

Makunduchi jua lina adabu: mwaka mzima huchomoza na kuchwa karibu na saa kumi na mbili, hata mtoto hakosei. Jua la Unst, mwezi wa Juni, ni mfano wa mgeni aliyekwisha kuaga lakini hatoki mlangoni: huchwa baada ya saa nne na nusu za usiku, na kabla ya saa kumi limekwisha kurejea, wala baina ya hayo hapapatikani giza la kumtosha mwizi.

Basi Shangazi, mkulima wa mwani, alileta salamu kwamba atampigia simu usiku wa Ijumaa, saa mbili. Alhamisi, jua la Makunduchi lilipochwa na usiku wa Ijumaa kuingia, akapiga kwa miadi yake. Kijana yungali vizimbani, hana habari. Shangazi akanuna Ijumaa kutwa. Naye kijana, ambaye saa mbili ya usiku kwake ni ile ya akrabu kusimama kwenye mbili baada ya usiku wa manane, aliingoja Ijumaa iishe, akaenda kuketi palipo na mtandao, katika kibanda cha basi ambacho watu wa Unst, kwa ukarimu nisioufahamu sababu yake, wamekitia kochi na mapazia, akapiga. Makunduchi ilikuwa saa kumi ya alfajiri.

“Kafa nani?” akauliza Shangazi, hata shikamoo hajaiitikia.

“Hajafa mtu, Bibi. Si umesema saa mbili?”

“Kwani huko kumekucha?”

“Hakujakucha, Bibi, wala hakukuchwa.”

Akamwamuru akaoge, avae, akamtafute tabibu.

Ajabu ni kwamba kwa tabia wenyeji wa pande hizi mbili wanashabihiana. Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, wanaume hutandikana kwa mabua ya migomba, kisha kibanda cha makuti hutiwa moto. Na watu wa Shetland, visiwa ambavyo Unst ni kimojawapo, katika sikukuu yao ya Up Helly Aa, huunda jahazi kwa miezi, wakalipamba, kisha wakalitupia mienge wenyewe, kipupwe kikivuma. Shangazi, alipohadithiwa, alikiafiki kibanda. Ama jahazi zima, lisilo na tundu, alisema hao wanataka kuombewa dua.

Hatimaye kijana alishauri waifuate bahari, kwa kuwa bamvua, likiandama mwezi, huku na huko huja siku zile zile takriban. Siku wakaafikiana. Saa yenyewe ingali katika mjadala, na mjadala huo, kwa vile hufanyika kwa simu, mwenye kuulipia ni mimi.